Kamera ya kupigia mwewe wa nyuma ya nyumba: Nikon P950 mpya au Canon 80D ya mtumba? (Wete)

KarafuuKavu
Assalaam alaykum wakubwa. Nataka kamera ya kupigia hawa ndege wala nyama wanaokuja nyuma ya nyumba yetu hapa Wete, Pemba. Simu imenishinda, kila nikipiga natoka na doa jeusi mbinguni. Nimechuja mpaka nimebakiwa na mbili: Nikon P950 mpya, au Canon 80D ya mtumba na lenzi yake ya milimita 55-250. Wauzaji wote wako Unguja na kila mmoja ananivutia kwake. Mwisho wa mwezi nataka niwe nshalipa. Nichukue ipi?

Picha_Darajani
Wa alaykum salaam. Bajeti hujasema. Umbali wa ndege hujasema. Ndege mwenyewe hujasema, mwewe, tai au bundi? Wa mchana au wa usiku? Na picha ni za kutundika ukutani au unataka tu kumjua ni nani? Bila hayo tutakupigia ramli.

Ngalawa7
P950, funga kazi. Zumu mara 83, sawa na milimita 2000. Hiyo 55-250 peleka harusini.

MwanaMtoni
Ngalawa wewe na zumu yako. Sensa ya P950, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ile ndogo ya inchi 1/2.3. Ndege akiingia ndani ya mkarafuu saa kumi na moja jioni picha yote ni chengachenga. 80D ni APS-C, sensa kubwa kuliko hiyo, megapikseli 24, unaikata picha katikati na manyoya bado unayahesabu.

Ngalawa7
250 kwenye hiyo Canon ni sawa na 400. Mie nina 2000. Utakata nini wakati ndege mwenyewe ni punje ya mtama?

KarafuuKavu
Samahanini nilikuwa shamba. Bajeti milioni moja na laki nane, memori kadi ndani yake. Ndege nadhani ni mwewe, anamaliza vifaranga vya mama. Hukaa juu ya mnazi uliokufa nyuma ya jiko.

MaalimViumbe
"Nadhani ni mwewe" haitoshi mwanangu. Mkia ukoje? Mwewe huyu tunayemuona kila siku mkia wake una panda, na akiwa hewani anaupindapinda huku na huku kama usukani. Usimtafutie mdomo wa manjano tu, maana akiwa mchanga mdomo ni mweusi. Kama mkia ni mrefu, hauna panda, una mapande meusi, na kifuani kajaa mistari myembamba ya kukingama, huyo ni kozi wa msituni, vitabu vya zamani vinamwita Accipiter tachiro. Mchanga wake hana mistari, ana madoa makubwa ya kushuka, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Wa Pemba wamepewa hata jina lao ndani ya spishi hiyo, pembaensis.

KarafuuKavu
Mkia sikuuangalia maalim. Nimeazima darubini ya jirani: ni wa kijivu, si mkubwa, jicho limezungukwa na manjano, miguu nayo manjano. Anaweza kukaa pale pale asubuhi nzima.

Mpemba_wa_Konde
Kijivu, manjano kwenye jicho, mnazi mfu! Kichwa si kimepauka kuliko mgongo? Huyo ni kipanga wa Dickinson, kitaalamu Falco dickinsoni. Minazi iliyokatika kichwa ndiyo nyumba yake, hutaga mle mle kwenye tundu la juu. Chakula chake panzi, mijusi, popo, na vindege vidogo akivipata. Mwizi wa vifaranga humtafuti juu ya mnazi. Kozi anajificha kwenye majani, anatoka mara moja, anakamata, kapotea. Una ndege wawili na kesi umemfungulia mmoja.

UmmuSalha
Mie nimeingia humu kwa ajili ya vifaranga, mambo ya kamera siyajui. Huyo anayejificha kwenye majani afanywe nini? Kwangu Fuoni anakuja asubuhi kuku wakifunguliwa tu. Kuna mtu kaniambia nitege nyama yenye dawa.

MaalimViumbe
Bi UmmuSalha, hilo usilifanye. Dawa haichagui, atakula paka wako, atakula mtoto wa jirani anayeokota okota. Funika banda kwa wavu juu, vifaranga wasitoke mpaka waote mabawa. Na hakikisha kwanza si kunguru. Hawa kunguru wa kijivu shingoni waliletwa Unguja miaka ya 1890, na mayai na vifaranga wanavipenda kuliko huyo mnayemsingizia.

UmmuSalha
Kunguru namjua maalim, kunguru anaiba sabuni. Huyu ni mwengine.

Picha_Darajani
Turudi kwenye kamera. KarafuuKavu, kama ni mtumba soma hii kabla hujatuma hata shilingi.

Nilinunua lenzi ya 150-600 kwa mtu wa Dar, jina lake nalihifadhi. Picha alizonitumia zinang'aa, sanduku lake lipo, risiti ipo, hata kitambaa cha kufutia kipo. Ikaja na boti. Nje haina mkwaruzo. Nikatoka barazani, nikampiga kunguru aliyekaa kwenye waya wa umeme, picha ikatoka imetandwa weupe. Nikapiga tena, weupe ule ule. Usiku nikazima taa, nikaifungua lenzi mwanya wote, nikamulika tochi ya simu kwa nyuma na kutazama kwa mbele. Kwenye kioo cha ndani, kuanzia ukingoni, nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa na kugawika matawi mpaka karibu na kati. Fangasi. Nikampigia, akasema "ilipotoka kwangu ilikuwa nzima, bahari hiyo". Bahari gani ya saa mbili inayootesha fangasi ndani ya kioo? Simu ya pili hakupokea, ya tatu nimeshafungiwa. Fundi mmoja akaifungua akafuta, nyuzi zikaondoka, lakini koti la kioo limeliwa na halirudi, na pete ya fokasi tangu siku hiyo inakwaruza. Jua likiwa mgongoni kwangu inapiga vizuri. Jua likija mbele, weupe ule ule. Sasa inakaa peke yake kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, na silika jeli, mbali na wenzake.

Kwa hiyo mwambie huyo wa 80D akutumie video ya tochi ikipita ndani ya lenzi, na idadi ya shata, yaani kamera imeshapiga mara ngapi. Akianza kukwambia "niamini ndugu yangu", mwambie ahsante.

Ngalawa7
Ndio maana nasema kipya. Na lenzi ya P950 haitoki, hakuna wa kukuuzia fangasi ya mwenzake.

MwanaMtoni
Haitoki, na ikivuta vumbi ndani utalitoa vipi? Lenzi ile inatoka na kuingia kila ukizumu. Halafu ukipiga RAW, zile faili ghafi, mfululizo inapiga fremu 7 kwa sekunde, zikifika 10 inasimama kuandika kadi. Ndege kaondoka, wewe unatazama kioo kinaandika. Betri nayo picha hazifiki 300.

KarafuuKavu, jambo jengine. Kutoka unaposimama mpaka kwenye mnazi unapita juu ya mabati?

KarafuuKavu
Ndio, bati la jiko letu na la jirani. Umbali hatua kama sitini.

MwanaMtoni
Basi hizo 2000 za Ngalawa zitakufaa asubuhi mapema tu. Bati likishashika moto hewa ya juu yake inacheza, na zumu ndefu inakuza ule mchezo pamoja na ndege. Picha inatoka imeyeyuka, kamera yoyote ile. Hamia upande ambao huna bati katikati, au piga baada ya mvua. Na lile doa jeusi linatokana na mbingu nyeupe nyuma ya ndege kuidanganya kamera. Ongeza mwanga +1 hadi +1.7, mbingu iungue, ndege aonekane. Akiwa amekaa shata 1/500 ya sekunde inatosha, akiruka 1/2000.

Ngalawa7
Kwa hilo la bati nimekusikia. Bado hatua sitini kwa 400 ni kuonea watu.

Mpemba_wa_Konde
Mie ningenunua darubini 8x42 nzuri kwanza, kamera baadaye. Umemjua Dickinson kwa darubini ya jirani, hukumjua kwa kamera. Na hata picha mbovu inafaa ikiwa ya mahali panapofaa: moja ya mkia uliofunguka, moja ya kifua, moja ya uso. Pakia iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, watu wakuthibitishie. Merlin nayo, programu ya simu ya kutambua ndege, unapakua furushi la eneo lako ukiwa na intaneti, baadaye inafanya kazi bila mtandao. Ila usiiamini sana, kozi mchanga inaweza kukupa majina matatu.

Ukishapata kamera njoo msitu wa Ngezi, nitakuonesha tumbusi wa michikichi. Mweupe na mweusi, ngozi ya uso nyekundu, anakula matunda ya mchikichi na kaa. Wageni wengi wanaandika ni tai mla samaki. Tai mla samaki tumbo lake la hudhurungi, huyu tumbo jeupe.

KarafuuKavu
Na bundi je? Usiku analia mmoja kwenye mikarafuu, mlio mmoja mmoja.

UmmuSalha
A'udhubillahi, huyo msimuongelee usiku.

MaalimViumbe
Bi UmmuSalha, bundi mweupe wa kwenye dari anakulia panya bure. KarafuuKavu, mlio mmoja mmoja kwenye mikarafuu inawezekana ni kibundi chetu cha Pemba, Otus pembaensis. Mtaalamu wa ndege Pakenham ndiye aliyemuandika kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1937, na duniani kote haishi pengine. Kwa huyo P950 sahau kabisa, giza litakushinda. Na usimpige flashi machoni.

MwanaMtoni
Ahsante maalim. Sensa kubwa, nilisema.

KarafuuKavu
Shukran nyote. Hali ndiyo hii: wa 80D kapunguza laki moja lakini video ya tochi anasema ataituma kesho, huu wa tatu "kesho". Wa P950 anasema Ijumaa anampa mwengine. Na baba leo kanambia mnazi ule utakatwa kabla ya masika, anaogopa utaangukia jiko.

Mpemba_wa_Konde
Mwambie asubiri! Tundu lile likiwa na makinda itakuwaje? Akate minazi mengine, hiyo si michache.

MaalimViumbe
Baba mtu anaogopa jiko lake, na ana haki. Akikata, akate wakati hawatagi, na kigogo kingine kirefu mbali na nyumba kiachwe kisimame.

Ngalawa7
Mnazi ukikatwa ndege atahamia mbali. Mbali maana yake P950.

Picha_Darajani
Huyo wa "kesho" mwache. Mimi nina rafiki anauza Sony RX10 IV, 24-600, sensa inchi moja, nimeishika mwenyewe na tochi nimeshaipitisha. Bei iko juu ya bajeti yako ila anasikiliza. Njoo inboksi.

KarafuuKavu
Juu kiasi gani?

UmmuSalha
Na mie kuna anayejua wavu wa banda unauzwa wapi kwa mita, Darajani au Mwanakwerekwe? Ule wa matundu madogo, usiopitisha kichwa cha kifaranga.