"Mungu huutazama moyo": je, kanisa liache kukagua mavazi?

Mleta mada: Wapendwa, makanisa mengi yana masharti ya nguo, nywele na vipuli kwa waimbaji, wazee, hata kwa wanaoomba ubatizo. Wanaoyapinga wanashika 1 Samweli 16:7, "wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo." Wanaoyatetea wanashika 1 Timotheo 2:9, wanawake wajipambe kwa mavazi ya kujisitiri, na Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi ya mwanamume wala mwanamume ya mwanamke. Yabaki au yaondoke? Leteni hoja, vijembe viacheni nyumbani.

Katekista: Mstari wa Samweli unabebeshwa mzigo usio wake. Pale hapazungumzwi nguo. Samweli alikuwa anatafuta mfalme, akamwona Eliabu, akadhani amempata. Akaambiwa asitazame uso wake wala urefu wa kimo chake. Na Israeli walikuwa wameshaponzwa na kimo: Sauli aliwapita watu wote kuanzia mabegani kwenda juu. Mistari mitano mbele, Daudi mwenyewe anasifiwa macho mazuri na umbo la kupendeza. Uzuri haukukataliwa. Kilichokataliwa ni kumpa mtu madaraka kwa kipimo hicho. Anayeutumia kusema "nivae nitakavyo" ameung'oa mahali pake.

Mzee wa kanisa: Ahsante, Mwalimu. Nami naongeza Mathayo 23:26: safisha kwanza ndani ya kikombe, "ili nje yake nayo ipate kuwa safi." Yesu alisema "kwanza", hakusema "tu". Halafu 1 Petro 3:3 inataja waziwazi kusuka nywele na dhahabu. Hapo mnarukia wapi?

Katekista: Haturuki, Mzee, tunasoma hadi mwisho wa sentensi. Petro ametaja vitu vitatu: kusuka nywele, kujitia dhahabu, na kuvalia mavazi. Ukivipiga marufuku viwili vya kwanza, cha tatu nacho kinafuata, na Jumapili hiyo sijui nani atakuja ibadani! Huo ni usemi wa "si hiki, bali kile", kama Hosea 6:6 inavyosema Mungu anataka fadhili wala si sadaka, na sadaka ziliendelea kutolewa hekaluni. Petro anapanga uzito wa mambo.

Tena tazama Timotheo: kusuka nywele kumewekwa safu moja na dhahabu, lulu na nguo za thamani. Kinachokemewa ni kujionyesha kwa mali. Yakobo 2 anapiga palepale: aliyeingia na pete ya dhahabu anapewa mahali pazuri, maskini anaambiwa asimame kule. Sasa sisi tunapima urefu wa sketi, huku suti ya bei mbaya ikisindikizwa hadi kiti cha mbele. Kuhusu Kumbukumbu 22:5, sura hiyohiyo, mstari wa 11, inakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Anayeshika wa 5 na kuacha wa 11 anaweza kuwa na sababu. Basi aitaje.

Mlezi wa vijana: Nije kwenye utendaji, maana ndipo panapoharibika. Nguo hukaguliwa mlangoni kwa kupepesa jicho; uaminifu huhitaji miaka. Kamati iliyochoka itachukua kilicho chepesi, na waumini wakishajua kinachokaguliwa, wanakitimiza hichohicho. Ndiyo maana mtu anaweza kupita masharti yote ya gauni na kitambaa, kumbe hakopesheki mtaani.

Na mzigo unaangukia wanawake. Neno la Kiyunani lililotumika kwa mavazi yao katika 1 Timotheo 2:9, *kosmios*, ndilo lililotumika 3:2 kwa askofu: "mtu wa utaratibu." Sijaona mlango ambako wanaume wanapimwa kwa neno hilo.

Sura ya 3 yenyewe inatoa njia. Mstari wa 10 unataka shemasi ajaribiwe kwanza, basi apewe kwa miezi sita kazi isiyo na kipaza sauti: kutembelea wagonjwa, kupanga viti, kuhesabu sadaka akiwa na wengine wawili. Mstari wa 7 unataka ushuhuda wa walio nje: ulizeni jirani, anaofanya nao kazi, aliyewahi kumdai. Msiulize "ni mtu mwema?", kila mtu atajibu ndiyo. Ulizeni "alipochelewa kulipa, alikuja mwenyewe kueleza?"

Mzee wa kanisa: Hiyo naichukua. Lakini sare ya kwaya inamsitiri maskini. Mkivaa rangi moja, nani atajua nani hana?

Mlezi wa vijana: Kweli, ikiwa inanunuliwa kwa mfuko wa pamoja. Kila mtu akijinunulia, asiye nacho anaacha kuimba, na atasingizia kifua. Isitoshe, sare ina tabia ya kugeuka imani. Mwaka 1700 Margaret Fell, aliyekuwa nguzo ya Wakweka (dhehebu la Kikristo liitwalo pia Marafiki) tangu mwanzo wao, aliwaonya wenzake kwamba kulazimishana vazi moja na rangi moja ni injili duni.

Mleta mada: Na ubatizo? Towashi wa Matendo 8 aliuliza nini kinamzuia. Filipo hakumkagua mavazi.

Mzee wa kanisa: Kwa ubatizo nimeshindwa, sina andiko. Kwa anayesimama madhabahuni bado hamjanishawishi: huyo anatazamwa na mia, na Warumi 14 inasema tusimwekee ndugu kikwazo.

Katekista: Warumi 14 hiyohiyo, Mzee, inaanza kwa kumkataza mmoja asimhukumu mwenzake. Tuanzie hapo kesho.