Macho yanapungua, uhasibu niache au kuna programu za kusaidia?

Mhasibu_Mwanza: Habari zenu wakuu. Nafanya uhasibu kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Mwanza, nimepimwa nikaambiwa ni presha ya macho, pembeni sioni tena nimebaki na katikati tu, dawa ya matone natumia ila daktari kasema uoni uliopotea haurudi. Kazini hawajui. Ikifika jioni namba za Excel sizioni vizuri nahofia nitakosea malipo ya watu. Kuna asiyeona humu anayefanya kazi ya ofisini? Unatumia nini? Na bosi nimwambie sasa hivi au nivumilie kwanza?

Tunu_K: Pole sana kaka. Mimi sioni kabisa na niko huduma kwa wateja, kutwa niko kwenye kompyuta. Pakua NVDA, programu inayokusomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ni bure, iliandikwa na Waaustralia wawili wasioona kuanzia 2006. JAWS nayo nzuri ila leseni yake ni hela ndefu, ukitumia bila leseni inakata baada ya dakika 40 mpaka uwashe kompyuta upya. Kwenye Excel unatembea na mishale tu, inakusomea kilichomo kwenye seli na kukutajia kama uko B7 au C7, mausi utaisahau. Anza sasa ungali unaona, ina pazia la skrini linafanya kioo kiwe cheusi kabisa, fanyia mazoezi hapo. Kitakachokusumbua kweli ni ankara zilizoskaniwa, kwa NVDA hiyo ni picha tu. Kwenye Windows 10 na kuendelea bonyeza Insert na R itajaribu kuyasoma maandishi, ila mwandiko wa mkono usiutegemee, waombe wauzaji wakutumie faili lenyewe. Bosi mwambie ukishaiweza.

Baba_Neema: Hapo kwa bosi sikubaliani na dada Tunu, nipo utumishi miaka mingi. Akikosea malipo kabla hajasema wataita uzembe, na kujitetea baadaye ni kazi. Peleka barua na ripoti ya daktari, andika unachohitaji: muda wa kujifunza, hedifoni, nyaraka zije kwa faili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu, na ile ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Halafu ndugu zako wa tumbo moja wakapimwe, hii inatembea kwenye familia na inakula macho bila maumivu.

Mhasibu_Mwanza: Asanteni sana, barua naandika. Dada Tunu, sisi tuna mfumo wetu wa hesabu, NVDA itausoma?

Tunu_K: Mingine inasomeka mingine ina vitufe visivyo na majina, unasikia "kitufe, kitufe" tu. Tengeneza NVDA ya kubeba kwenye flashi, ukipata ruhusa ichomeke kompyuta ya ofisini bila kusakinisha chochote, pita na Tab kila sehemu unayotumia, zinazokaa kimya ziandike. Orodha hiyo iambatanishe kwenye barua, fundi wa mfumo ajue pa kuanzia.