Ndege adimu Tanzania ndani ya siku 12: nipangeje, na watu hukosea wapi?

nyika_na_pwani:
Wakuu, habari zenu. Kuanzia katikati ya Novemba nina siku 12, gari lipo, naanzia Arusha na kumalizia Mbeya. Ndege wa kawaida wa mbugani hawanisumbui. Nawataka wale wa sehemu moja moja: kipozamataza wa Beesley (*Chersomanes beesleyi*), ndege wa misitu ya Usambara Mashariki, mnana wa Kilombero (*Ploceus burnieri*), kwale wa Udzungwa (*Xenoperdix udzungwensis*) na mbayuwayu wa buluu (*Hirundo atrocaerulea*). Korongo nyangumi wa Malagarasi pia, kama njia itaruhusu. Je, orodha hii inabebeka? Darubini ya 10x42 inafaa msituni? Na kuita ndege kwa kuwachezea sauti kwenye simu mnalionaje?

chini_ya_mwavuli:
Haibebeki. Anza kwa kufuta wawili.

Korongo nyangumi yuko kwenye mabwawa ya mafunjo ya Moyowosi na Malagarasi, huko magharibi. Kufika tu kunakula siku zako, na ndani unahitaji mtumbwi na mwenyeji anayejua njia za maji. Hiyo ni safari peke yake.

Kwale wa Udzungwa naye watu humkosea mahali. Alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991, na wengi wakisikia Udzungwa wanakwenda Mang'ula kwa sababu ndiko lango la hifadhi liliko. Mang'ula ni pazuri kwa mambo mengine, lakini kwale huyu anaishi misitu ya juu kama Ndundulu, upande wa Iringa. Njia yake huanzia kijiji cha Udekwa, kwa miguu, na mahema mgongoni. Usipotenga siku zisizopungua nne, mwache.

Waliobaki wanatosha. Asubuhi moja ya kipozamataza, siku nne Amani (msitu wa Usambara Mashariki), moja pwani ya Tanga, mbili Ifakara kwa mnana, mbili Kitulo kwa mbayuwayu wa buluu. Mbili za mwisho zitaliwa na barabara.

Kipozamataza yuko tambarare kavu za nyasi fupi kaskazini ya Arusha, ukielekea Longido. Uwe uwandani saa 12:30 asubuhi. Ikishafika saa 3, ardhi imepata joto, mazigazi yanacheza, na ndege aliye umbali wa mita 80 anakuwa kivuli kinachotetemeka, hata uwe na darubini ya miguu mitatu ya bei gani. Tembeeni kwa mstari mpana, polepole, mkiangalia chini. Hutembea kwa vikundi vidogo, husimama wima, mkia ni mfupi na ncha yake nyeupe huonekana akiruka. Eneo lake ni dogo mno na viota viko chini kabisa, kwa hiyo gari libaki kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa.

Darubini: 10x42 uwandani ni nzuri. Msituni ningechukua 8x42. Gawanya 42 (upana wa lenzi kwa milimita) kwa 10 (ukuzaji) upate mwanga wenye upana wa milimita 4.2 unaoingia jichoni. Kwa 8 unapata 5.25. Chini ya miti saa 12:30 asubuhi tofauti hiyo unaiona. Tena 10x huonyesha eneo finyu na hukuza mtikisiko wa mkono, na ndege wa Amani hakai sekunde tatu tawini.

Mpekua_majani:
Naongezea Amani, maana hapo ndipo watu hupoteza siku wakitembea sana. Kilomita mbili kwa asubuhi nzima zinatosha. Ukiwa kwenye mwendo unasikia hatua zako tu.

Ndege wa juu ya miti hutembea kwa makundi mchanganyiko. Dakika ishirini kimya kabisa, kisha ghafla aina kumi na zaidi juu ya kichwa chako kwa dakika tano. Mnana wa Usambara (*Ploceus nicolli*) mtafute humo humo, akipekua kuvumwani na magome kwenye matawi makubwa. Usimfuate kundini ndege wa kwanza uliyemwona. Kaa na kundi, pitisha macho kwa kila anayetikisa jani, kwa sababu adimu mara nyingi yuko nyuma ya wengine.

Shoro mdomo-mrefu (*Artisornis moreaui*) hayuko katikati ya msitu mnene kama wengi wanavyodhani. Anapenda mitambaazi iliyosongamana, pale mti mkubwa ulipoanguka au ukingoni mwa msitu. Utamsikia kabla ya kumwona; jifunze sauti yake nyumbani, si pale.

Ukikuta siafu, usikimbie. Tafuta mbele ya msafara, simama mita tano au sita pembeni, suruali ndani ya soksi. Ndege wa chini kama *Neocossyphus rufus* na *Chamaetylas fuelleborni* hufuata siafu kula wadudu wanaofurushwa, na hapo huwapata wazi kuliko mahali pengine popote.

Bundi wa Sokoke (*Otus ireneae*) yuko misitu ya chini, si kileleni Amani. Panga jioni yake peke yake, na mwongoza wageni wa hifadhi. Usiingie usiku bila yeye.

Kuhusu kucheza sauti: kwa shoro na kwa mnana, usicheze. Dume akisikia mpinzani anaacha kulisha makinda na kuja kugombana na simu yako. Na sehemu inayotembelewa sana, ndege huzoea na kuacha kujibu kabisa, kwa hiyo unamharibia hata anayekuja kesho.

Mwana_wa_bamvua:
Kwa bundi mimi sioni ubaya wa sekunde 15 mara moja, halafu kunyamaza dakika kumi. Kinachoharibu ni kurudia. Lakini uliza kwanza sheria za hifadhi husika.

Pwani ya Tanga usiende bila kuangalia mwezi. Unataka bamvua, yaani maji makubwa ya siku za mwezi mpevu au mwandamo. Maji mafu, yale madogo ya siku za nusu mwezi, huacha matope mengi wazi mchana kutwa na ndege wametawanyika mbali. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kwa hiyo fika saa 8 mchana: maji yanapanda, ndege wanasukumwa kuelekea kwako hadi fungu la mwisho la mchanga, na jua liko mgongoni kwa kuwa ufuko unaelekea mashariki. *Dromas ardeola* ndiye wa kumtafuta: mweupe na mweusi, mdomo mnene mweusi, huwinda kaa. Usilikaribie fungu walikopumzika. Wakiruka, hawana pengine pa kutua mpaka maji yashuke.

chini_ya_mwavuli:
Ifakara na Kitulo tuliziruka.

Ifakara, fuata matete kando ya mto Kilombero. Dume la mnana wa Kilombero (*P. burnieri*) ni la manjano na uso mweusi. Jike peke yake usimwandike. Humo humo wamo ndege wadogo wawili, *Cisticola bakerorum* na *C. anderseni*, waliopewa majina ya kisayansi mwaka 2021 tu. Hao hutambulika kwa sauti: rekodi kwa simu iliyozimwa mtandao (airplane mode), angalau sekunde 30, na mwishoni taja mwenyewe saa, mahali na umbali.

Kitulo, mtego ni *Psalidoprocne pristoptera*, mbayuwayu mweusi wa kingo za misitu. Yuko tele. Wa buluu hupita chini juu ya nyasi za wazi, anang'aa kama chuma, na dume lina nyuzi mbili ndefu mkiani. Mvua zikiwa zimeanza, barabara ya Chimala hadi Matamba huteleza vibaya, panda asubuhi.

nyika_na_pwani:
Nimefuta wawili, nitaazima 8x42. Mbayuwayu wa buluu nikimpata na kiota, niandike mahali kwenye eBird, ile tovuti ya kuorodhesha ndege?

Mpekua_majani:
Andika ndege, tarehe, mwinuko na aina ya nyasi. Mahali pa kiota usiweke, na picha yake ukiituma kwenye makundi ya simu, ondoa kwanza taarifa za GPS zilizo ndani ya faili.