Naomba ushauri: waini nyekundu ya Beaujolais inawekwa friji?

Wakuu, habari za jioni. Mimi nimezoea waini nyekundu za Dodoma. Juzi shemeji katoka Lyon, Ufaransa, kaniletea chupa mbili za Beaujolais (eneo la waini karibu na huko), moja Fleurie na nyingine Morgon, zote za zabibu nyekundu aina ya Gamay.

Fleurie nimeifungua jana. Rangi nyepesi, ukiinua glasi unaona vidole upande wa pili. Harufu ya stroberi, na waridi kwa mbali. Ila mdomoni ikawa na uchachu, karibu kama juisi isiyotiwa sukari, na ule ukakasi wa kukausha ulimi haupo kabisa. Nikadhani imeharibika! Shemeji kacheka: kumbe nimeinywa na joto la Dar, wakati inatakiwa nyuzi 13 hivi.

Sasa hii Morgon, anayosema ni nzito kidogo, niiweke friji muda gani kabla ya kufungua? Nusu saa inatosha? Na je, inaendana na samaki wa kupaka, au nazi itaifunika? Halafu ile Fleurie iliyobaki nusu nimeirudishia kizibo, ipo frijini. Itafika Jumapili kweli?