Takwimu za kikundi chetu cha mikoko: zikae wapi, na nani azisome?

Katibu_Mikoko (Muheza, Tanga) ameandika:

Ndugu wanajukwaa, asalaam alaykum, na habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea cha kutunza mikoko katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, upande wa bahari. Wanachama wetu ni wavuvi, akina mama wanaochokoa pweza, wakulima wa mwani na vijana waliomaliza kidato cha nne. Kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa kupanda miche kila Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, kama yanavyofanya makundi mengi ya pwani. Baadaye wanachama wenyewe walihoji kwamba kupanda bila kufuatilia kilichosalia ni kutwanga maji kwenye kinu, ndipo tukaanza kuingia mikokoni na daftari ili kuhesabu miche iliyoshika, iliyokufa, maotea ya asili, na visiki vya miti iliyokatwa.

Kinachonisumbua si kuhesabu kwenyewe. Maofisa wa mradi mmoja walifika, wakatupa mafunzo ya nusu siku, wakapiga picha kurasa za madaftari yetu, wakaondoka, na hadi leo hatujaona ripoti wala kusikia walichokiona humo. Tangu hapo mahudhurio yamepungua, na mama mmoja ambaye hajawahi kukosa zamu aliniuliza mbele ya wenzake tunahesabu kwa ajili ya nani. Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Naomba ushauri wa waliowahi kushiriki sayansi shirikishi ya namna hii, yaani wananchi wa kawaida kukusanya takwimu za kitaalamu. Tukusanye takwimu vipi ili wataalamu wasizidharau, na wakati huohuo zibaki mali ya kijiji na zitumike katika maamuzi ya kijiji? Jambo la pili ni posho. Wako wanaosema kwamba kujitolea ni kujitolea, na wako wanaosema kwamba bila posho kikundi kitakufa. Nitashukuru kwa mawazo yenu.

Bwanamiti_Mstaafu amejibu:

Ndugu Katibu, hongera kwa kikundi kilichofikia hatua ya kujihoji chenyewe. Nimefanya kazi za misitu pwani na milima ya Usambara, na katika yote niliyoyaona, takwimu za watu wa kujitolea hukataliwa mara chache kwa sababu waliozikusanya hawana shahada, na mara nyingi kwa sababu zilikusanywa kwa namna tofauti kila safari. Leo mnahesabu ukingo wa mkondo, mwezi ujao mnahesabu katikati ya msitu kwa kuwa tope la ukingoni limezidi, kisha mnalinganisha idadi mbili zisizolingana.

Chagueni ploti, yaani vipande vya ardhi vya kuhesabia, za kudumu za mita 10 kwa mita 10, mzipange katika mstari mmoja unaotoka baharini kwenda nchi kavu, maana aina za miti ya mikoko hubadilika kadiri unavyopanda: mbele utakuta milana, kisha mkoko wenyewe, nyuma yake msinzi na mkandaa, na mchu utauona mbele na nyuma pia. Mstari wa namna hiyo utawaonyesha jambo ambalo siku za upandaji hulificha, yaani miche mingi hufa kwa sababu imepandwa pasipo pake. Watu huchukua matunda ya mkoko, kwa kuwa ni marefu na ni rahisi kuyachomeka, wakayapanda kwenye tope la mbele kabisa ambalo ni la milana, na mawimbi yakayabeba. Penye mbegu za asili na maji yanayopita bila kuzibwa, msitu mara nyingi hujirudishia wenyewe, na kazi yenu inakuwa kuulinda na kuupima.

Kifaa chenu kikuu kiwe ufito ulionyooka (wa mti mwingine, tafadhali, msiukate mikokoni) uliopigwa alama za rangi kwenye sentimita 40, sentimita 130 na sentimita 150. Mche ulio chini ya sentimita 40 uandikwe kundi la kwanza, wa kati ya 40 na 150 kundi la pili, na uliozidi hapo hadi mita 3 kundi la tatu. Watafiti wa mikoko wa pwani hii hutumia mgawanyo huohuo, kwa hiyo takwimu zenu zitalinganishwa na zao bila kufasiriwa upya. Mti mkubwa upimwe mzingo wa shina kwenye sentimita 130 kutoka ardhini. Kwa mkoko, ambao mizizi yake hutoka juu ya shina, futi kamba ifungwe sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ploti isiyo na mche hata mmoja iandikwe sifuri, isiachwe wazi, kwa maana nafasi iliyo wazi haisemi kama mlihesabu mkakosa au hamkufika. Vilevile, kila safari ploti moja ihesabiwe na jozi mbili za watu, kila jozi bila kusikia hesabu ya nyingine. Wakitofautiana sana, warudie palepale. Anayetaka kuzidharau takwimu zenu aonyeshwe ukurasa huo kwanza.

Kuhusu sheria, mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi tangu enzi za ukoloni, na kwa sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya Serikali na vijiji. Pelekeni barua kupitia serikali ya kijiji mkieleza mnachopima na mahali mnapopima, ili siku mtakapoleta taarifa ya visiki vipya isionekane kuwa uvumi.

Tazameni pia jirani zetu wa Gazi, Kenya. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hewa ukaa (wanunuzi hulipia kaboni inayohifadhiwa na miti) kutokana na hekta 117 za mikoko, na ambao mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji, haukuanzia kwenye soko. Msitu ule ulikuwa umeshapimwa kwa miaka mingi na watafiti wakisaidiana na wanakijiji na watu wa kujitolea, na vipimo hivyo ndivyo vilivyowapa wanunuzi imani.

Mzee_wa_Jarife amejibu:

Mwanangu Katibu, Bwanamiti amesema ya ufundi na sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kusema juu ya swali la yule mama, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama kikundi kitaishi.

Pwani ya Tanga si ngeni katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1994 kulikuwa na programu ya hifadhi ya ukanda wa pwani ya Tanga, iliyofadhiliwa na Serikali ya Ireland na kusaidiwa kitaalamu na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ambamo wanavijiji wa Muheza, Pangani na Tanga mjini walizamia pamoja na maofisa wa wilaya kuhesabu samaki na kupima hali ya matumbawe. Baadhi ya miamba ilifungwa kwa makubaliano ya vijiji vyenyewe. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipoyapausha matumbawe, watu waliokuwa wakiyapima walijua yalikuwaje kabla, na mazungumzo yao yalikuwa na msingi. Uvuvi wa baruti uliendelea kutusumbua kwa miaka mingi baadaye, na sisemi kwamba kuhesabu kuliuzuia. Ninachosema ni kwamba mvuvi aliyeuhesabu mwamba mwenyewe hakuhitaji kushawishiwa na mtu kutoka mjini kwamba mwamba ule umepungukiwa.

Mfano wa pili ni silikanti. Samaki huyu, ambaye wanasayansi walidhani alitoweka zama za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa nchini mwetu mwaka 2003, na kwa wingi hapa Tanga, katika majarife (nyavu) ya papa yaliyotegwa kwenye kina kirefu, hasa upande wa Kigombe. Wavuvi wangeweza kumtupa, kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi na haina soko. Badala yake walitoa taarifa, samaki wakapimwa na kuandikwa mmoja mmoja, na kumbukumbu hizo zikawa sehemu ya hoja za kuanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Taarifa ilianzia kwenye ngalawa, wala si maabara. Ni kweli pia kwamba hifadhi ilipokuja ilileta masharti juu ya nyavu, na wapo wavuvi walioona kwamba taarifa waliyoitoa wenyewe iligeuka kuwafunga. Ndiyo maana nasisitiza kwamba watu wajue mapema matokeo yatatumika kuamua nini, kabla hawajaombwa kuhesabu.

Fanyeni hivi. Daftari halisi lisitoke kijijini kamwe, na atakayehitaji takwimu apewe nakala baada ya kusaini barua kwa mtendaji wa kijiji inayoeleza atazitumia wapi na ataleta matokeo lini. Mkutano mkuu wa kijiji kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni nafasi ya kudumu kwenye ajenda, na takwimu zisomwe na yule mama mwenyewe, si na katibu. Zibandikwe pia dikoni, mahali pa mnada wa samaki, kwa maandishi makubwa: mwezi huu visiki vipya vingapi, miche mingapi imepanda kundi. Halmashauri ya kijiji ikitunga sheria ndogo ya mikoko, iwe imetokana na namba ambazo kila mtu alizisikia.

Mwalimu_Pangani amejibu:

Shikamoo Mzee, na salamu kwako Ndugu Katibu. Ninafundisha sekondari wilayani Pangani na wanafunzi wangu hufuatilia kazi za walinzi wa kasa wa hapa kwetu, hivyo nitazungumzia mambo mawili.

La kwanza ni usiri wa mahali. Kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi, kilipoteza miti yake na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji ya bamvua (siku ambazo bahari hujaa na kukauka kupita kawaida), kwa hiyo mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Kazi hiyo hufanywa na watu wa vijiji waliofunzwa, kwa mikono taratibu, bila kugeuza yai, kwa sababu saa chache baada ya kutagwa kiinitete huwa kimejishika kwenye utando wa juu na yai likigeuzwa hufa. Baada ya siku kama 50 hadi 60 watoto hutoka. Kisha mlinzi hufukua kiota kwa vidole, hutenga maganda matupu upande mmoja, mayai yasiyoanguliwa upande mwingine, na waliokufa wakiwa njiani kupanda, na huandika kila fungu peke yake. Kutokana na mafungu hayo ndipo hujulikana kama mchanga ulikuwa na joto mno au maji yaliingia. Ni takwimu za thamani kubwa, lakini zikitangazwa na mahali halisi pa kiota zinakuwa ramani ya mwizi wa mayai. Programu za kurekodi viumbe kama iNaturalist huficha yenyewe eneo halisi la viumbe walio hatarini, lakini picha zinazorushwa kwenye makundi ya simu hazifichi chochote. Kwa mikoko yenu hatari ni ndogo, ila mkikuta viota au miti mikubwa inayotamaniwa na wakata boriti, ramani ibaki kijijini. Kama mnatumia simu, KoboCollect, programu ya kujazia fomu za takwimu, hufanya kazi bila mtandao na hutuma baadaye. Hata hivyo daftari la karatasi liendelee, kwa sababu simu hutumbukia topeni.

La pili ni posho, na hapa naomba tulitazame saa ya maji kabla ya kulumbana juu ya fedha. Siku za bamvua maji hukauka kabisa kwenye saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa ambayo mama anayechokoa pweza hupata riziki yake. Tunapomwita kuhesabu saa hiyohiyo, tunamwomba aache chakula cha watoto, kisha tunamshangaa akikosa. Kijana asiye na kazi na mama huyu hawajitolei kwa gharama sawa. Mimi siamini katika posho ya kuhesabu, kwa sababu anayelipwa kwa ploti atajaza ploti, lakini naamini hakuna anayepaswa kupata hasara kwa kuhifadhi.

Bwanamiti_Mstaafu amejibu:

Mwalimu amegusa jambo ambalo miongozo mingi hailisemi. Bahati nzuri mikoko haihitaji bamvua. Nyasi za baharini na miamba ndizo zinazohitaji maji yakauke kabisa. Mikoko hukaa juu zaidi, na hata siku za maji mafu, ambazo bahari hujaa na kukupwa kidogo tu, sehemu kubwa ya msitu huwa wazi maji yanapokupwa. Siku hizo maji hukupwa karibu na saa kumi jioni, wakati wanafunzi wametoka shuleni na pweza hawachokoleki. Ploti ya mbele kwenye milana tu ndiyo itakayowapa taabu, nayo ipangiwe siku yake. Mkishachagua maji mafu, hesabuni maji mafu daima, na muandike hali ya maji juu ya kila ukurasa. Fedha kidogo mnayoipata, kama mnayo, nunueni viatu vya tope na maji ya kunywa.

Katibu_Mikoko amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea mama aliyeuliza swali majibu yenu yote. Amekubali kusoma takwimu kwenye mkutano mkuu ujao, kwa sharti kwamba zisomwe za visiki kwanza na za upandaji baadaye, kwa kuwa, kwa maneno yake, kila mtu hupenda kushangilia miche. Tutahamia maji mafu ya saa kumi, na barua ya kwenda Wakala wa Misitu inaandikwa. Mzee, ikiwa unayo nakala ya sheria ndogo yoyote ya miamba ya wakati ule, hata iliyochakaa, naomba uipige picha uniwekee hapa. Na Mwalimu, ningependa kuona jinsi safu za daftari la viota zilivyopangwa, ili letu tulichore upya kabla ya safari ijayo.