Kwa wapenzi wa panki wa muda mrefu: muziki huu una maana gani kwenu?

Mwanagenzi:

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisikiliza panki (punk), ile roki ya kasi na kelele iliyoibuka miaka ya 1970, kwa miezi kadhaa sasa, nikianzia kwa bendi za Ramones na The Clash kama wanavyoanza wengi, na muziki huu umeniteka. Hata hivyo, lipo jambo ambalo kusikiliza pekee hakujanifumbulia. Nikisoma maelezo ya mashabiki wa miaka mingi, naona hawaizungumzii panki kama aina ya muziki tu, bali kama kitu kilichowalea, ilhali mimi nasikia gitaa linalonguruma, mtu anayefoka, na wimbo unaokwisha kabla sijaketi vizuri. Ningependa kufahamu kutoka kwenu mliodumu nayo: ni kitu gani hasa kilichowashika, na imewezekanaje kuendelea kupenda hasira za ujana hali mmeshakuwa watu wazima wenye kazi, watoto na madeni? Naomba majibu ya mtu binafsi, kwa kuwa historia ya jumla naweza kujisomea.

Kaseti Kuukuu:

Ndugu Mwanagenzi, karibu. Kwangu mimi hasira haijawahi kuwa kiini cha jambo hili, ingawa ndiyo iliyo rahisi kusikika. Kilichonishika ni kuonyeshwa namna kitu kinavyotengenezwa, tena na watu ambao wenyewe ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kukitengeneza.

Umesema historia utajisomea, lakini kipande kimoja sina budi kukigusa kwa sababu ndicho jibu langu. Mwishoni mwa Desemba 1976 vijana wa bendi ya Buzzcocks, wa Manchester, Uingereza, waliingia studio wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakazitoa wenyewe katika santuri ndogo iliyoitwa Spiral Scratch, kwa lebo (kampuni ya kutoa santuri) waliyoianzisha wao na kwa takriban pauni 500 walizokopa kwa jamaa na marafiki. Nakala za mwanzo zilikuwa 1,000. Desturi ilikuwa kungoja mpaka kampuni kubwa ikuite, hawa hawakungoja. Lakini kilichonishangaza zaidi ni jalada lake, kwa sababu wameandika humo kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi, na kama kuna gitaa lililoongezwa baadaye. Wakati ambapo wakubwa wa roki walikuwa wakijifungia studio kwa miezi na kutoka na kazi ambayo msikilizaji hawezi hata kukisia imeanzia wapi, hawa wanakwambia bila haya kwamba huu tuliupiga mara moja tu, gitaa la pili tukaliweka baadaye. Na katika wimbo mmojawapo, mahali ambapo mpiga gitaa mwingine angejionyesha kwa vidole vinavyokimbia, Pete Shelley anapiga nota mbili. Nota mbili zilezile, tena na tena, mpaka unaanza kucheka, kisha unaacha kucheka kwa sababu unagundua kuwa nota ya tatu ingeharibu kila kitu.

Nilipousikia nilikuwa kijana niliyeamini kwamba mambo yote ya maana yana wenyewe: kuandika kuna wenyewe, kupiga ala kuna wenyewe, hata kusimama mbele za watu na kusema lililo moyoni kuna wenyewe, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kupiga makofi. Panki ilinitoa katika imani hiyo. Mimi na rafiki zangu tukaanzisha kijarida cha kurasa chache: tulipiga chapa makala, tukazikata kwa mkasi, tukazibandika kwa gundi na kuzitoa nakala kwa mashine ya fotokopi. Kingo za vile vipande vya karatasi zilitokea kwenye nakala kama mistari myeusi, na kila tulipojaribu kuzifuta kwa wino mweupe ukurasa ulizidi kuchafuka, mpaka tukaamua kuziacha na kuziita mapambo. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Hadi leo, nikikabidhiwa kazini jambo nisilolijua, sitangulii kuuliza ni nani mwenye sifa za kulifanya. Nalianza, nalikosea, nalirudia.

Kuhusu umri, zipo nyimbo nilizoacha kuzisikiliza, hasa zile zinazomtukana kila mtu kwa sababu tu yupo, na tuseme ukweli, santuri mbovu katika panki ni nyingi kuliko nzuri. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, yenye nyimbo 14 zinazokwisha kabla ya nusu saa, bado huiweka ninapopiga pasi. Hapo sina falsafa yoyote ya kukupa. Mashati yananyooka upesi.

Dada wa Besi:

Kaka Kaseti, nimeyasoma maelezo yako kwa furaha, ila umezungumza kana kwamba ruhusa hiyo iligawiwa sawa kwa wote. Kwenye maonyesho niliyokuwa nikihudhuria nikiwa msichana, eneo la mbele ya jukwaa lilikuwa la wanaume wenye mabega mapana waliosukumana kwa viwiko, na sisi tuliotaka kuusikia muziki bila kuumia tuliishia ukutani, tukishika makoti ya wenzetu. Kwa hiyo panki niliyoipenda haikuwa ile ya kusukumana.

Mtu wangu ni Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex ya London, ambaye baba yake alikuwa Msomali na mama yake mwenye asili ya Uskoti na Ayalandi. Alitokea mwaka 1977 akiwa na vyuma vya kunyooshea meno na nguo za rangi zinazopigana, asifanane na picha yoyote ya mwimbaji wa kike iliyokuwa ikiuzwa wakati huo, akaimba kuhusu plastiki, matangazo ya biashara na watu wanaogeuzwa bidhaa. Pembeni yake palikuwa na saksafoni, ala ambayo hakuna aliyeitarajia katika bendi ya namna ile. Sauti yake inapanda mpaka inakwaruza, na ukingoja airekebishe, harekebishi. Mimi sikuwa na hasira ya kuvunja vitu; nilikuwa na aibu. Niliionea aibu sauti yangu, urefu wangu, na mazoea yangu ya kucheka kwa nguvu. Kumsikia mwanamke akiiacha sauti yake ikwaruze kulinifaa kuliko nasaha zote za kujiamini nilizopewa na watu wazima.

Na kwa kuwa umeuliza habari za kudumu, Ndugu Mwanagenzi, kilichonifanya nibaki ni kwamba baadaye wapo waliolishughulikia tatizo lile la mbele ya jukwaa badala ya kulisifu kama ushujaa. Kathleen Hanna, mwimbaji wa bendi ya Bikini Kill, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuwa akiwaita wanawake wasogee mbele na kuwataka wanaume warudi nyuma. Bendi ya Fugazi ya Washington, ambao kwa kawaida kiingilio chao kilikuwa dola 5, walikuwa wakiukatiza wimbo ili kumsemesha mtu anayewaumiza wenzake, na asipoacha, alirudishiwa dola zake 5 ndani ya bahasha na kutolewa nje. Bahasha zilitayarishwa kabla. Hebu fikiri: mtu ameketi kabla ya onyesho akitia pesa kwenye bahasha kwa ajili ya wakorofi ambao bado hajawaona. Bahasha zile zinanieleza panki kuliko pini zote ambazo mashabiki wake walijichoma mashavuni.

Mzee wa Santuri:

Wadogo zangu, mnaibebesha panki mzigo mkubwa. Mimi niliipenda kwa sababu ya mlio. Johnny Ramone, mpiga gitaa wa Ramones, alipiga nyuzi kwa kushusha mkono tu, bila kupiga wakati wa kuupandisha, wimbo mzima kwa kasi ile. Jaribuni dakika mbili muone mkono utakavyowaka. Hilo peke yake lilinitosha, na bado linanitosha.

Wala sikubali kwamba kujitolea santuri mwenyewe ndiko kunakoifanya panki kuwa panki. The Clash walitia saini mkataba na CBS, kampuni kubwa, Januari 1977, mwezi uleule ambao Buzzcocks walitoa ile santuri yao ya mkopo, na kati ya hizo mbili ni The Clash walionibadilisha. Katika albamu yao ya kwanza waliweka wimbo wa rege wa Junior Murvin, mwimbaji wa Jamaika, na kwa njia hiyo nikaanza kuitafuta rege yenyewe. Baadaye nikajua kwamba halikuwa jambo la bahati: katika klabu ya Roxy, London, DJ Don Letts alikuwa akipiga santuri za rege kati ya bendi na bendi, kwa sababu santuri za panki zilikuwa bado hazijatoka za kutosha. Uhaba ule umenipa nusu ya kabati langu la muziki.

Siasa sikuwa nazo, lakini tarehe 30 Aprili 1978, The Clash, X-Ray Spex na bendi ya rege ya Steel Pulse walipopanda jukwaa moja katika bustani ya Victoria Park, London, kupinga ubaguzi wa rangi, hata sisi wa mlio tulielewa kuwa mtu hawezi kuzipenda bendi zote hizo na kubaki pale alipokuwa.

Mwanagenzi:

Mzee wangu, shikamoo. Nawashukuru nyote. Kaka Kaseti, limebaki swali moja: kama uzuri wa panki uko katika kuanza kabla ya kujua, je, anayejifunza mpaka akaiva anakuwa ameihama panki?

Kaseti Kuukuu:

Hapana. Wasikilize bendi ya Bad Brains, vijana weusi wa Washington walioanza kwa kupiga jazi iliyochanganywa na roki, wakaigeukia panki kwa hiari wakiwa tayari ni mafundi. Anza na albamu yao ya 1982, ile yenye picha ya radi inayopiga kuba la bunge la Marekani. Wanakwenda kwa kasi ambayo mwanafunzi hawezi kuifikia, kisha wanaingia katika rege iliyotulia kabisa, kisha wanarudi. Nami nilipenda mambo ya nota mbili kwa sababu ndizo nilizozimudu. Wao walizimudu zote, wakachagua hizo walizochagua. Mzee wa Santuri naona kimya, lakini najua albamu hiyo anayo, tena ya kaseti.

Mzee wa Santuri:

Ninayo. Na siiazimishi.