Kikundi cha familia: injini gani kwa safari ya Kisumu–Kakamega?

*Jumapili jioni*

Baba Neema: Bwana asifiwe familia. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Tangu Januari nimehamishiwa Kakamega na nyumba bado iko Kisumu. Kilomita 50 kwenda, 50 kurudi, siku tano kwa wiki, na wenzangu watatu ndani. Mshahara unaishia kwenye tangi. Fundi anasema injini ya hii Toyota Fielder imechoka, nitoe hii ya cc 1500 aniwekee ya 1800 kutoka Japani, elfu 90 pamoja na kazi yake. Eti injini kubwa haihangaiki mlimani kwa hiyo inakula kidogo. Mwingine ananiambia niweke ya 1300. Nimechanganyikiwa.

Caleb: Kaka, mimi natumia 1800 Nakuru–Naivasha kila siku na sijuti. Nikipita Gilgil nashika 90, siiachi mpaka karibu na mji.

Mama Neema: Caleb, tafadhali. Hiyo elfu 90 ni karo ya muhula wa pili.

Shangazi Rodah: Mngojeeni Shem. Ameshika spana miaka 30 huyo.

Baba Mdogo Shem: Nimesoma yote. Baba Neema, usitoe hata shilingi kwanza. Niambie, gari linatembea kilomita ngapi kwa lita moja?

Baba Neema: Sijui hasa, Baba. Huwa naweka ya elfu mbili, ikiisha naweka nyingine.

Baba Mdogo Shem: Basi hatujui ugonjwa, na tayari tunaagiza dawa. Kesho alfajiri jaza tangi mpaka mkono wa pampu ujikate wenyewe, usiongeze hata tone. Rudisha mita ya safari kwenye sufuri. Alhamisi jioni rudi kwenye stesheni hiyo hiyo, pampu hiyo hiyo, ujaze vivyo hivyo. Niletee lita zilizoingia na kilomita ulizotembea. Usiniletee habari za mshale wa mafuta.

*Alhamisi usiku*

Baba Neema: Kilomita 412. Zimeingia lita 36.4.

Caleb: 11.3 kwa lita.

Baba Mdogo Shem: Ni mbaya kwa injini hiyo, hata na matuta ya Majengo na Chavakali. Inakula oili? Inatoa moshi?

Baba Neema: Oili haipungui kati ya huduma na huduma. Moshi sijaona.

Baba Mdogo Shem: Basi haijachoka. Injini iliyochoka hunywa oili. Asubuhi ukiwasha, ile taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto huzimika wapi?

Baba Neema: Huzimika nikikaribia Kiboswa. Halafu jioni nikirudi, nikishaanza kuteremka kuja Mamboleo huwaka tena. Nilidhani ni kawaida.

Baba Mdogo Shem: Huwaka TENA? Rudia.

Baba Neema: Ndio, huwaka tena kwenye mteremko.

Baba Mdogo Shem: Nani alitoa thamostati?

Baba Neema: 😳 Mwaka jana lilichemka karibu na Ahero. Fundi akabadilisha paipu ya rejeta na akatoa hiyo. Akaniambia ni ya nchi za baridi, sisi huku hatuihitaji.

Baba Mdogo Shem: Niandike kirefu kidogo, mnivumilie.

Thamostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta inayopoza maji. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani tu mpaka yapate moto. Kwenye hiyo injini yako hufunguka maji yakifika kama digrii 80 hivi. Ukiitoa, maji yanaenda kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini haifiki joto lake. Sasa kuna sensa inayosoma joto la maji na kuiambia kompyuta. Kompyuta ikisikia injini bado baridi inaongeza petroli, kama vile mtu wa zamani alivyokuwa akivuta choki. Wewe umevuta choki kutoka nyumbani mpaka Kiboswa, kila asubuhi, tangu Januari. Na si petroli tu. Injini baridi oili yake ni nzito, na petroli isiyoungua vizuri huteremka kando ya pistoni ikachanganyika na hiyo oili. Hapo ndipo injini huanza kuchoka kweli.

Lilichemka kwa sababu paipu ilipasuka na maji yakaisha. Thamostati haikuwa na kosa lolote.

Mama Neema: Bei yake ni ngapi?

Baba Mdogo Shem: Haifiki hata sehemu ya ishirini ya hiyo elfu 90. Nunua ya kweli, si ya kubahatisha, na ringi yake ya mpira. Halafu mweke kulenti, yale maji maalum ya kupoza injini, si maji ya mfereji, maji yanakula chuma ndani. Msibadilishe kitu kingine chochote wiki hiyo. Tukibadilisha matano kwa pamoja hatutajua lipi limesaidia.

Shangazi Rodah: Shem, ameuliza habari ya injini. Mjibu na hilo, asije akarudi kwa fundi huyo kesho kutwa.

Baba Mdogo Shem: Kweli dada. Caleb na Baba Neema wana barabara mbili tofauti. Nakuru–Naivasha mtu anashika mwendo mmoja. Kisumu–Kakamega unatoka Mamboleo unapanda mara moja, halafu tuta, soko, bodaboda, tuta. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Kakamega kama 1,530. Watu wanafikiri mlima ndio unaomaliza mafuta. Nimepiga hesabu: gari lako na watu wanne ni kama kilo 1,500. Kulipandisha mita 400 kunachukua nusu lita na kidogo, injini iwe kubwa au ndogo, maana uzito ni ule ule. Safari nzima inakula zaidi ya lita nne. Kwa hiyo nyingine zote zinaishia kwingine: upepo unaokinza gari, tairi, breki kwenye matuta, na hiyo injini isiyopata moto.

Injini ya 1800 kwenye mwendo mdogo inanyonya hewa kupitia mlango wake wa hewa uliofungwa karibu wote, na kuvuta hewa pale penye ufinyu ni kazi inayolipiwa kwa petroli. Ya 1300 inafanya kazi mlango huo ukiwa umefunguka zaidi, hiyo ni faida, lakini ukipakia watu wanne pale mlimani itapiga kelele kwenye mizunguko ya juu na faida itapotea. 1500 ndiyo ya gari hilo na barabara hiyo. Na ukiweka 1800 hununui injini peke yake. Kuna gia boksi, waya, kompyuta, halafu NTSA, mamlaka ya usafiri, wakague na namba mpya iingie kwenye logibuku. Elfu 90 haitatosha.

Caleb: Na dizeli je? Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya petroli.

Baba Mdogo Shem: Ina nguvu kama asilimia 10 zaidi, na ni nzuri kwa mtu wa mzigo mrefu. Lakini hizi dizeli ndogo za kisasa zina chujio la masizi kwenye egzosi linalotaka safari ndefu yenye moto ili lijisafishe. Ukisimamasimama sokoni linaziba. Simshauri.

Baba Neema: Asante sana, Baba. Swali moja. Kutoka Kiboswa kuteremka Mamboleo huwa naweka nyutro kuokoa mafuta. Hiyo ni sawa?

Baba Mdogo Shem: HAPANA. Tafadhali mwanangu. Mimi nimevuta magari kwenye mteremko wa Salgaa, yale malori yaliyokuwa yakiteremka nyutro kuokoa lita mbili. Nimeona mambo ambayo siwezi kuandika hapa. Gari likiwa nyutro breki ndizo zinabeba uzito wote, zinapata moto, zinakufa.

Na hata mafuta huokoi. Injini hizi za sindano, ukiwa ndani ya gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka nyutro, lazima inyunyize petroli ili isizimike. Acha kwenye D, au ile B kama unayo, utoe mguu.

Mama Neema: Baba Neema, umesoma hiyo?

Baba Neema: Nimesoma. Sitaweka tena.

*Ijumaa, wiki mbili baadaye*

Baba Neema: Habari za jioni. Wiki ya kwanza na thamostati mpya: kilomita 418, lita 31.9. Ni 13.1. Wiki hii nikapima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi. Kibandiko cha mlangoni kinasema PSI 33, mimi nilikuwa na 24, 25, 26 na 24! Nikajaza zote 33. Nyutro nimeacha. Nimetembea 440 kwa lita 31. Ni 14.2.

Caleb: Kilomita 2,200 kwa mwezi, kutoka 11.3 kufika 14.2... hizo ni lita 40 kila mwezi. Lo!

Shangazi Rodah: Mungu ni mwema. Lita 40!

Baba Mdogo Shem: Umefanya vizuri sana, Baba Neema. Oili inayofuata weka 5W-30. Ile nzito ya 20W-50 waliyokuwekea iache.

Baba Neema: Sawa Baba. Na mwakani nikiweza, haibridi, ile ya petroli na stima?

Baba Mdogo Shem: Hapo ndipo pesa yako iende, kwa barabara hiyo. Fielder ya haibridi ina 1500 pia, lakini valvu zake za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, hewa kidogo inarudishwa nje, kisha moto ukiwaka pistoni inasukumwa safari ndefu kuliko ile iliyogandamiza. Moto unatumika mpaka mwisho. Peke yake ni dhaifu, ndiyo maana kuna mota ya stima kuisaidia kuondoka kwenye tuta. Kila breki ya Chavakali inarudisha kitu kwenye betri. Ila usidhani mteremko wote wa Kiboswa utaingia humo. Betri yenyewe haifiki uniti moja ya stima, itajaa kabla hujafika chini.

Usinunue kabla sijaiona. Nitakuja Kisumu tufungue kiti cha nyuma, nikague feni inayopoza betri. Vumbi likiziba pale, betri inakufa mapema.

Mama Neema: Karibu sana Baba, utalala kwetu. Na leo asubuhi nilipanda naye mpaka Mbale kumpelekea Kukhu (bibi) unga. Taa ya bluu imezimika hata hatujafika Mamboleo.